Bonde la Msimbazi lihesabiwe kama shamba, si kama pambo la jiji

Mvua kubwa inaponyesha Pugu na Kisarawe, wafanyabiashara wa Kariakoo huanza kuhesabu hasara hata kabla maji hayajafika mjini. Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama, wafanyakazi huchelewa kazini, na daladala na malori hulazimika kuzunguka kwa njia ambazo nazo zimejaa. Jambo hili limejirudia mara nyingi kiasi kwamba kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, masika na kufungwa kwa Jangwani vimekuwa kitu kimoja.

Serikali imeamua kutafuta dawa ya kudumu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, wenye thamani ya takriban dola milioni 200 za Marekani, ambao Uholanzi na Hispania nazo zinauchangia. Mradi uko chini ya TAMISEMI na unatekelezwa kupitia Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Ndani yake kuna kazi ya kuchimba na kupanua mto, kujenga daraja jipya la mita 390 pale Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi, kuinua ardhi ya pembezoni ili ijengeke, na kuligeuza bonde lenyewe kuwa bustani ya jiji, yaani eneo la wazi la wananchi kupumzika, kutembea na kucheza.

Kati ya kazi zote hizo, bustani ndiyo inayochukuliwa kwa wepesi zaidi. Wapo wanaoiona kuwa ni pambo litakalowekwa mwishoni kama fedha zitabaki. Wapo pia wanaouliza kwa haki kabisa: jiji lenye shida ya maji, vyoo na makazi linatafuta nini kwenye nyasi na viti vya kupumzikia?

Swali hilo linastahili jibu la kiuchumi. Daraja likishajengwa haliwezi kuvamiwa. Ardhi iliyoachwa wazi katikati ya jiji huvamiwa. Kwa hiyo, kama bustani ya Msimbazi haitakuwa na mwenye dhamana, bajeti na watu wanaoishi kwa kuitunza, mamia ya mabilioni ya shilingi yatakuwa yamesafisha bonde kwa ajili ya wavamizi wapya, na baada ya miaka michache Jangwani itarudi pale pale.

KILA ARDHI NA ZAO LAKE

Mkulima wa kijijini hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua kuwa bondeni panafaa mpunga na mwinuko unafaa mahindi na nyumba. Katika bonde la Rufiji, wakulima kwa vizazi vingi wamekuwa wakisubiri maji ya mafuriko yapungue, kisha wanapanda kwenye unyevu unaobaki; kilimo hicho hukiita mlau. Hawakuyachukulia mafuriko yote kuwa maafa. Waliyaingiza kwenye kalenda ya shamba, kwa sababu maji hayo hayo huacha rutuba.

Kosa la mjini ni kutumia ardhi ya bonde kwa zao lisilostahimili maji. Kipimo cha haki ni rahisi: ardhi ikikaa chini ya maji kwa siku mbili, kinapotea nini?

Ikiwa juu yake kuna nyumba, hupotea magodoro, chakula, nguo, madaftari ya watoto, mtaji wa biashara ndogo iliyokuwa ikiendeshwa sebuleni, na mara nyingine uhai. Ikiwa kuna karakana, huharibika injini na mifumo ya umeme ya mabasi. Ikiwa kuna gereji au ghala, hupotea mali ya mwenyewe na ya wateja wake. Lakini ikiwa kuna uwanja wa mpira, kinachopotea ni mechi za wiki moja au mbili na gharama ya kuondoa tope. Ikiwa kuna njia ya kukimbilia, nyasi na miti iliyochaguliwa vizuri, maji hupita na maisha yakaendelea. Ikiwa ni matuta ya mchicha, hasara ni zao la wiki tatu au nne, ambalo mkulima anaweza kulipanda upya.

Kwa kipimo hicho, uwanja wa michezo na bustani ndiyo matumizi yenye hasara ndogo kuliko yote katika ardhi ambayo lazima ifurike. Kuyaita anasa ni sawa na kumlaumu mkulima kwa kupanda mpunga bondeni badala ya kujenga nyumba pale.

Hasara zenyewe zinajulikana. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyotokana na mvua ambayo jiji halikuwa limeipata tangu mwaka 1954, yaliua zaidi ya watu 40. Mafuriko ya Aprili 2018 yaliua tena, yakaijaza maji karakana ya Jangwani, na Benki ya Dunia ilikadiria kuwa yalilitia jiji hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Kwa maneno mengine, masika mawili ya aina hiyo yanaweza kumeza thamani ya mradi wote.

KUHAMISHA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Ikumbukwe kuwa bonde hili halikukosa sheria wala mipango. Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde la Msimbazi kuwa eneo hatarishi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilizungumzia ardhi hatarishi, ikiwamo ile iliyo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo ikarudia mita hizo hizo 60.

Pamoja na hayo, nyumba ziliendelea kujengwa, nyingine zikapata umeme na maji, na wenye nyumba wakawa wapiga kura wanaoombwa kura kila uchaguzi. Baada ya mafuriko ya 2011, Serikali iligawa viwanja Mabwepande kwa waathirika. Lakini Mabwepande iko mbali sana na Kariakoo, na mtu anayeishi kwa kubeba mizigo sokoni au kuuza chakula asubuhi hawezi kula kiwanja. Baadhi yao walirudi bondeni. Desemba 2015 tingatinga ziliingia, nyumba zikabomolewa, kelele zikawa kubwa, kesi zikafunguliwa. Awamu hii angalau imekuja na fidia, ingawa nayo haikukosa malalamiko ya kiwango.

Historia hiyo inafundisha kitu kimoja. Ardhi ya katikati ya jiji ina thamani, na thamani hiyo haifutwi na bango la "usijenge hapa". Mtu anayekosa chumba anachoweza kukilipia karibu na kazi yake ataupima uwezekano wa mafuriko dhidi ya uhakika wa nauli ya kila siku, na mara nyingi nauli ndiyo itakayoshinda. Njia pekee ya kuzuia matumizi mabaya ya ardhi ya namna hiyo ni kuipa matumizi mengine, yenye watu wengi wanaofaidika na watakaopiga kelele siku ikiguswa.

Viwanja vya wazi vya Jangwani vina ushahidi wa hilo. Kwa miaka mingi vimekuwa sehemu ya mikutano mikubwa ya hadhara. Mwaka 2015 kampeni za urais za vyama vikubwa zilizinduliwa pale. Timu za mitaani zimekuwa zikicheza mpira bondeni, na Yanga, ambayo makao yake yako jirani, inaitwa na mashabiki wake "Wana Jangwani". Panapochezwa mpira kila jioni hapageuki mtaa wa vibanda kirahisi, kwa sababu vijana wenyewe ni walinzi.

Mahitaji ya eneo la namna hiyo hayana shaka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Ukiondoa fukwe kama Coco, viwanja vya Mnazi Mmoja na vichache vingine, familia isiyo na fedha ya kiingilio haina pa kwenda siku ya Jumapili. Vikundi vya mazoezi vinakimbilia barabarani, vikigombea lami na bodaboda. Watoto wa Kigogo, Magomeni, Ilala na Vingunguti wanacheza uchochoroni.

SOMO LA NAIROBI NA LA HOUSTON

Dar es Salaam si jiji la kwanza kujaribu jambo hili, na si lazima lirudie makosa ya wengine. Uholanzi, ambayo imechangia mradi wa Msimbazi, ilifanya hivyo katika mji wa Nijmegen. Badala ya kuinua ukuta wa mto, walirudisha tuta nyuma kwa mita 350 na kuchimba mkondo wa pili. Mto ulipata nafasi ya kupanuka, na wakazi wakapata kisiwa na kingo za kutembelea. Lakini Uholanzi ina taasisi za kusimamia maji zenye umri wa karne nyingi na kodi yake maalumu. Hapa hazipo, kwa hiyo mifano miwili mingine ina mafunzo ya karibu zaidi.

Wa kwanza ni wa Nairobi. Mwaka 2008, John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, kipande cha kingo za Mto Nairobi kilisafishwa na kugeuzwa bustani. Michuki alifariki dunia mwaka 2012. Msukumo ukapungua, eneo likachakaa, taka na shughuli nyingine zikarudi. Ilibidi kazi ianze upya, na Agosti 2020 bustani ikafunguliwa tena ikiwa na jina la waziri huyo. Ni jambo la heshima kwake, lakini kwa mhasibu ni gharama ya kufanya kazi moja mara mbili. Bustani iliyotegemea nguvu ya mtu mmoja haikudumu miaka mingi baada yake.

Wa pili ni wa Houston, Marekani, jiji linalofurika mara kwa mara kama Dar es Salaam. Kandokando ya mto wao wa Buffalo Bayou walijenga bustani ya zaidi ya hekta 60, iliyokamilika mwaka 2015. Taasisi moja ya hisani ilitoa dola milioni 30, lakini jiji nalo lilipaswa kukubali kwanza kutenga zaidi ya dola milioni 2 kila mwaka kwa matunzo. Fedha hizo zinatoka kwenye ongezeko la kodi ya majengo ya eneo la katikati ya mji, yaani majengo yanayopanda thamani yanalipia sehemu ya kile kinachoyapandisha.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2017, kimbunga Harvey kilifika. Bustani yote ya chini ilizama na kufunikwa na tope. Haikuwa aibu, kwa sababu ilijengwa izame. Kilichofuata ndicho cha kuzingatia: palikuwa na taasisi yenye jina, wafanyakazi na akaunti, ikaanza kuondoa tope. Nairobi na Houston walipanda nyasi zinazofanana. Tofauti ilikuwa kwenye daftari, na wahenga walishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

NANI ATALIPA?

Hapa ndipo penye tatizo la Dar es Salaam, na ndipo wachumi wa halmashauri wanapaswa kukaa chini na kalamu.

Njia ya Houston haiwezi kunakiliwa ilivyo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nchini ilianza kukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU kwa viwango vya jumla, na mwaka 2023 kiwango hicho kikawekwa kuwa Sh18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Utaratibu huo umerahisisha ukusanyaji, jambo ambalo linastahili pongezi. Lakini una upungufu mmoja: nyumba ya Magomeni ikipanda thamani mara tatu kwa sababu mbele yake sasa kuna bustani badala ya dampo, kodi yake inabaki ile ile. Faida yote inaingia mfukoni mwa mwenye nyumba, na mzigo wa kutunza bustani unabaki kwa halmashauri.

Kwa hiyo fedha lazima zitoke kwenye ardhi mapema. Mradi unatarajia kuinua ardhi ya pembezoni kwa kutumia udongo unaochimbwa mtoni, ili iweze kujengwa maghorofa na biashara. Ardhi hiyo itakuwa miongoni mwa ardhi ghali zaidi mkoani: dakika chache kutoka Kariakoo, juu ya njia ya mwendokasi, ikitazama bustani. Ikiuzwa au kupangishwa, sehemu ya mapato inapaswa kuingia moja kwa moja katika mfuko wa bustani, kwa sheria ndogo isiyobadilishwa na kila baraza jipya la madiwani. Mtaji usiguswe; faida yake ndiyo itumike. Fedha hizo zikimezwa katika mfuko mkuu wa halmashauri, zitakwenda kwenye madawati na posho, na bustani itasubiri mfadhili.

Mapato ya pili ni madogo lakini ni ya kila siku. Chukua mfano. Bustani ikitenga nafasi 200 za mama lishe, wauza matunda, wauza juisi ya miwa na wakodishaji wa baiskeli, na kila mmoja akalipa Sh1,000 kwa siku, makusanyo ni Sh200,000 kwa siku, sawa na Sh73 milioni kwa mwaka. Wafanyakazi 20 wa usafi na ulinzi wakilipwa Sh300,000 kwa mwezi kila mmoja, gharama yao ni Sh72 milioni kwa mwaka. Mfano huu una mashimo yake: siku za mvua hakuna biashara, na si kila nafasi italipwa. Lakini unaonyesha kuwa kufagia, kufyeka na kulinda kunaweza kubebwa kwa kiasi kikubwa na watu wanaofanya biashara pale pale, huku mwananchi akiingia bure. Kukodisha viwanja kwa mashindano, matamasha na mikutano kutaongezea. Gharama kubwa ya kuondoa tope baada ya mafuriko ndiyo itakayohitaji ule mfuko wa ardhi.

Jambo la tatu ni mwenye dhamana. Mto Msimbazi sehemu ya chini unapita kati ya Jiji la Dar es Salaam, ambalo ni Ilala ya zamani, na Manispaa ya Kinondoni. Juu yake kuna Ubungo na Kisarawe. Penye halmashauri mbili, taka za ukingo wa kushoto ni za jirani wa kulia. TARURA ni wakala wa barabara, na mradi una mwisho wake. Inahitajika taasisi moja ya bustani, inayomilikiwa na halmashauri zote mbili, yenye meneja anayeulizwa akishindwa, na hesabu zinazokaguliwa na kutangazwa. Taasisi hiyo ianze kazi kabla mkandarasi hajaondoka, si baada ya nyasi kukauka.

WAKULIMA WA BONDE WASIFUKUZWE, WAAJIRIWE NA ARDHI

Kwa miaka mingi bonde la Msimbazi limelilisha jiji mboga. Mchicha, matembele, chainizi na majani ya maboga ya matuta hayo yamefika sokoni asubuhi yakiwa bado na umande, bila gharama ya lori wala barafu. Wengi wa wakulima hao hawana hati wala mkataba, na katika mipango mingi huhesabiwa kama wavamizi wa kuondolewa.

Ni lazima pia kusema ukweli mwingine. Mto huu umepokea maji taka, taka za viwanda na mabaki ya machinjio kwa miongo. Tafiti mbalimbali zimekuta madini mazito kama risasi na kadimiamu katika udongo na mboga za bonde. Mboga za majani ndizo zinazoathirika kwa urahisi, na hazifai kuendelea kulimwa pale kwa kufumba macho kwa sababu tu zina soko.

Jibu si kuchagua kati ya mkulima na mlaji. Bustani kubwa inahitaji miche ya miti, maua, nyasi za kupandikiza na mbolea ya mboji kila mwaka. Kando ya barabara nyingi za jiji watu tayari wanaishi kwa vitalu vya maua na miche, na wateja wapo. Wakulima wa bonde wanajua kumwagilia, kupandikiza na kuishi na maji. Wapewe mikataba ya miaka kadhaa ya maeneo yaliyopimwa ndani ya bustani, walime vitu visivyoliwa, na kama sehemu ya pango watunze kipande cha njia na nyasi kilicho mbele yao. Mboga ziruhusiwe pale tu udongo na maji vitakapopimwa na kuonekana salama, na majibu ya vipimo yabandikwe wazi.

Kwa utaratibu huo halmashauri inapata walinzi ambao haiwalipi mshahara, na mkulima anapata kile ambacho hajawahi kuwa nacho bondeni: karatasi yenye jina lake. Mafuriko yakija atapoteza miche ya msimu, si nyumba.

MCHANGA WA PUGU NA TAKA ZA VINGUNGUTI

Hata bustani yenye fedha na meneja itashindwa ikiwa juu ya mto hapatashughulikiwa. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kusafiri takriban kilomita 35 hadi baharini karibu na daraja la Salender. Njiani unabeba mchanga wa milima iliyokatwa miti, wa kingo zilizochimbwa, na wa barabara za vumbi. Ukifika tambarare unaushusha. Ndiyo sababu chini ya daraja la Jangwani pamekuwa pakizolewa mchanga mara kwa mara, na mvua zinazofuata zinaurudisha.

Lakini mchanga huo una bei. Kila anayejenga Dar es Salaam anaununua. Badala ya kuwakimbiza wachimbaji usiku na mchana, yatengenezwe mabwawa ya kunasa mchanga kabla mto haujafika bustani, na kazi ya kuuzoa na kuuuza itolewe kwa zabuni kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mchimbaji akichimba pale anapotakiwa, analipunguzia jiji gharama. Akichimba ukingoni, anaangusha nyumba za wenzake. Tofauti ni mita chache na kibali kinachosimamiwa.

Taka hazina bei nzuri hivyo, nazo ni hatari zaidi kwa bustani ya watu. Maji ya mafuriko yenye vinyesi yakipita kwenye uwanja wa watoto, uwanja huo lazima ufungwe hadi tope liondolewe na pasafishwe. Kanuni hiyo iandikwe mapema, pamoja na nguzo za kupimia maji, ving'ora na njia za kutokea zinazojulikana. Bustani inayofurika isiyo na onyo ni mtego.

NI BUSTANI YA NANI?

Limebaki suala la haki. Maelfu ya watu wameambiwa waondoke bondeni kwa manufaa ya umma. Wengi wao ni wa kipato cha chini, na hakuna fidia inayorudisha ujirani, shule ya karibu na wateja wa miaka 20. Baada ya muda, mahali pao pakizungushiwa uzio, getini akakaa mlinzi na tiketi, na juu ya ardhi iliyoinuliwa yakajengwa maghorofa ambayo hakuna hata mmoja wao anayeweza kupanga chumba, neno "umma" litakuwa limetumika vibaya.

Kwa hiyo masharti mawili yawekwe tangu sasa. Kiingilio kiwe bure siku zote, na kinacholipiwa kiwe huduma tu. Pili, nafasi za biashara, ajira za matunzo na mikataba ya vitalu vianze kutolewa kwa waliohamishwa na kwa wakulima waliokuwa wakilima bondeni, kwa orodha ile ile iliyotumika kuwalipa fidia na kuwatambua. Orodha ipo, kinachotakiwa ni uamuzi. Hili si jambo la huruma peke yake. Mtu mwenye kibanda halali ndani ya bustani atakuwa wa kwanza kutoa taarifa anapoona mtu anamwaga kifusi usiku.

Fedha za kuchimba mto na kujenga daraja zimeshatafutwa, na sehemu yake ni mkopo utakaolipwa na Watanzania wote, wakiwamo ambao hawajawahi kufika Jangwani. Kilichobaki ni kazi isiyo na sherehe ya kukata utepe: kuunda taasisi, kufungua akaunti, kusaini mikataba na vikundi, kupima udongo na kutenga sehemu ya mapato ya ardhi. Mabaraza ya madiwani ya Jiji na Kinondoni yana uwezo wa kulianza jambo hilo katika bajeti zao. Wakisubiri mradi ukabidhiwe ndipo wajadiliane nani afagie, wavamizi hawatasubiri kikao.